Uhai Mirihi utafutwe, lakini watu wasihamie kwanza. Mwasemaje?

Mleta mada, Mji wa Kale

Mjadala wa sayari ya Mirihi kila ukianza hugawika pande mbili: wanaotaka binadamu ahamie huko upesi, na wanaosema yote ni israfu. Mimi sipo upande wowote kati ya hizo. Kutafuta maji na uhai ni kazi moja, kupeleka watu wakaishi ni kazi nyingine, na hii ya pili yaweza kuiharibu ya kwanza moja kwa moja.

Maji yapo, ubishi huo umekwisha. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilitua upande wa ncha ya kaskazini, kikakwangua sentimita chache za udongo kikakuta barafu. Udongo huohuo una pakloreti, chumvi inayovuruga tezi ya shingo ikiingia mwilini. Sisi wa Mombasa twayajua haya: nyumba ngapi zina kisima cha maji ya chumvi uani, na bado maji ya kunywa hununuliwa kwa mwenye mkokoteni? Barafu ya Mirihi itataka kuchimbwa, kuyeyushwa, kusafishwa na kulindwa isigande tena, kwenye baridi ya wastani wa nyuzi 60 chini ya sifuri, na kanieneo ya hewa isiyofika asilimia 1 ya yetu.

Lakini ugumu wa maisha siyo hoja yangu. Hoja yangu ni vijidudu.

Kigari cha Perseverance kilitua Februari 2021 katika bonde la Jezero, mahali ambapo mabilioni ya miaka iliyopita mto ulimwaga maji ziwani. Mwaka 2024 kilikuta mwamba wenye madoa kama ya chui, na Septemba 2025 wanasayansi wakachapisha kwamba madoa hayo huenda yalisababishwa na viumbe wadogo wa kale, na huenda pia ni kemia tupu isiyo na uhai. Kuamua ni lipi, lazima jiwe lifike kwenye maabara za duniani. Kipande chake kimeshakatwa na kufungiwa ndani ya mrija. Kukileta ndiko kulikoshindikana: mwaka 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikiri kwamba gharama ingeweza kufika dola bilioni 11, na sampuli zisingewasili kabla ya 2040. Kipande kisichozidi kidole hakijarudi, na watu washapanga miji!

Sasa fikirini. Vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976 viliokwa kwanza kwa joto la zaidi ya nyuzi 110, kwa saa nyingi, ili visibebe bakteria wa huku. Mwili wa mtu hausafishiki hivyo. Una bakteria kwa matrilioni, na makazi ya watu huvuja hewa na kutoa taka. Mhamiaji naye atakwenda kukaa wapi? Penye barafu. Na uhai, kama upo, tungeutafuta papo hapo penye barafu. Tukija kuona kijidudu baada ya miaka 10 ya watu kuishi pale, nani atathibitisha kwamba hatukukileta wenyewe? Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 wazitaka nchi ziepuke uchafuzi wenye madhara kwenye sayari nyingine. Naomba uheshimiwe.

Jibu kutoka Likoni

Mwanangu, umesema vizuri, lakini mimi naona mnatangulia mno. Mferejini kwetu maji huja usiku, na wiki nyingine hayaji. Bomba la Mzima linalotuletea maji lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiwa mdogo. Sensa ya 2019 imetuhesabu watu zaidi ya milioni 1.2. Mabilioni hayo ya dola, hata sehemu ndogo tu, si yangetutosha sisi na Kwale na Kilifi?

Mleta mada

Shikamoo mama. Uchungu huo ni wangu pia. Ila pesa za NASA hupigiwa kura na bunge la Marekani. Zikizuiwa leo, hazitakuja Likoni. Maji yetu yadaiwe kwa wenye dhamana hapa, kwa sauti kubwa, bila kuyafunga na Mirihi. Na anga si kitu cha wageni kwetu Pwani: setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kabisa kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.

Jibu kutoka Kisauni

Kaka, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi na nakupinga. Roboti ni polepole mno. Kigari cha Curiosity kiko Mirihi tangu 2012 na kimetembea kilomita thelathini na kitu tu. Mtaalamu wa miamba mwenye nyundo angeimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Isitoshe, kujiandaa kuishi huko kunatufundisha: kituo cha kimataifa cha anga sasa hurejesha asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo. Ujuzi huo si ndio tunaoutaka hapa?

Mleta mada

Hoja ya kasi ni nzito, siikatai. Roboti huchelewa kwa sababu amri kutoka duniani huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari ziko wapi. Basi watu na waende, wakae ndani ya chombo kinachoizunguka Mirihi au kwenye mwezi wake Phobos, waongoze roboti zilizookwa na kusafishwa bila kungoja. Huo mtambo wa maji nao haukuhitaji Mirihi. Umejengwa kilomita 400 tu juu ya vichwa vyetu.

Nami nakuuliza, mdogo wangu, na wengine wa upande wako: sampuli za Jezero zikirudi na kuonyesha uhai, mtakubali watu wasitue? Anayesema hapana atueleze kwa haki ipi.