Naomba ushauri: vyakula vyenye protini nyingi visivyohitaji kupikwa

Kijana wa Zamu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nafanya kazi zamu ya usiku, na chumba ninachoishi hairuhusiwi kupika. Hakuna jiko, hakuna friji, hata birika la umeme limepigwa marufuku. Nina kilo 70 na nimeanza kunyanyua vyuma. Nikirudi asubuhi naishia mkate na soda. Tumbo linajaa, muda si mrefu njaa hiyo tena.

Natafuta vitu vya kufungua na kula, vyenye protini ya maana. Kila ninayemuuliza ananiambia "kula karanga". Zinatosha? Na mayai mabichi nikiyakoroga na maziwa nikanywa, kuna ubaya? Nawasilisha.

Mama Wawili
Mayai mabichi achana nayo mwanangu, hayo waachie mabondia wa kwenye sinema. Yai lililoiva mwili unafaidi karibu asilimia 90 ya protini yake. Likiwa bichi ni kama nusu tu. Hapo bado hatujagusa salmonela, vile vijidudu vya kuharisha. Ukipata yaliyokwisha chemshwa, chukua: yai moja kubwa lina gramu 6 hivi. Ila huna friji, kwa hiyo nunua ya kula muda huo huo, usiyaweke akiba.

Chuma cha Pua
Mkuu, karanga ni chakula cha mafuta chenye protini ndani yake. Gramu 100 zina protini gramu 25 hivi, lakini zinakuja na mafuta karibu gramu 50 na kalori zaidi ya 550. Jodari wa kopo aliyehifadhiwa kwenye maji, ukishamchuja, gramu 100 zake zinakupa protini ile ile kwa kalori zisizofika 130. Unayetaka kunenepa, karanga ni rafiki yako. Wewe zifanye kitafunwa, kiganja kimoja, basi.

Hesabu yako: kiwango cha chini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 56 kwa siku. Anayenyanyua vyuma hupendekezewa kati ya 1.4 na 2, kwako ni kama 98 hadi 140. Anza na 100, usijitese.

Mchokozi
Mbona mnazunguka mbuyu? Loweka maharage usiku kucha, asubuhi yamelainika, kula. Protini ya bure.

Msoma Lebo
@Mchokozi, utamlaza mwenzio hospitali. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na kuloweka peke yake hakuiondoi. Lazima yachemke sawasawa, si chini ya dakika 10. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima. Ya kopo ni salama kwa sababu yameshapikwa. Mleta mada, ukichukua maharage au dengu za kopo hesabu gramu 7 hivi za protini kwa kila gramu 100, na uzisuuze kwa maji safi, chumvi nyingi inaondoka na yale maji mazito.

Kwenye samaki, usigande kwa jodari kila siku, kwa sababu ya zebaki, metali yenye sumu inayojikusanya kwenye samaki wakubwa. Changanya na sadini. Ni samaki wadogo, hawakusanyi zebaki nyingi, na ile mifupa yao laini unaitafuna yote unapata kalisi. Pia soma lebo vizuri: tafuta uzito wa samaki baada ya kuchujwa, maana uzito mkubwa ulioandikwa mbele unahesabu na maji au mafuta.

Kuna kitu hakuna aliyekitaja: maziwa ya unga. Yale yaliyoondolewa mafuta yana protini gramu 35 hivi kwa gramu 100, na pakiti ikifungwa vizuri haihitaji friji. Usimwage unga kwenye maji mengi ya baridi, utapata madonge. Weka unga kwanza kwenye chupa yenye kifuniko, tia maji safi kidogo, tikisa mpaka uwe uji mzito, ndipo uongeze maji mengine. Gramu 60 za unga ni zaidi ya gramu 20 za protini, sawa na kijiko kimoja cha kipimo cha ule unga wa protini wa jimu.

Kijana wa Zamu
Aisee, maziwa ya unga sikuwa nayo kabisa kichwani. Maswali mawili ya mwisho: mtindi vipi? Na nikila nusu kopo la samaki nikalala, nusu iliyobaki nitaikuta salama?

Mama Wawili
Mtindi nunua njiani ule ukifika. Ule mzito uliochujwa una gramu 10 hivi kwa gramu 100, wa kawaida hata nusu yake ni shida.

Samaki aliyefunguliwa asikae nje zaidi ya saa mbili, na penye joto kali hata hizo ni nyingi. Nunua makopo madogo, la kumaliza mara moja. Na kopo lililovimba usilionje hata kwa ncha ya ulimi, tupa.

Kijana wa Zamu
Nimeelewa mama, shikamoo na asante. Sadini na maziwa ya unga naanza navyo leo. Ninayeishi naye chumba kimoja ndiye sijui nitamwambia nini kuhusu harufu.

Chuma cha Pua
Kopo lisuuze kabla ya kulitupa, na mfuko wa taka usilale ndani. Akiendelea kulalamika, mgawie.