Mombasa hadi London na mtoto wa miezi 22: nimpakate au nimkatie kiti, na tupitie wapi?

Mama wa Bamburi

Assalaam aleikum, na habari za jioni wazazi wenzangu. Baba wa binti yangu yuko London na mwezi ujao tunamfuata, mimi na mtoto peke yetu, kwa miezi 3. Ana miezi 22. Anakimbia, anapanda meza, na ukimpakata zaidi ya dakika tano anajinyoosha kama ubao mpaka umwachilie. Safari yake ndefu kuliko zote hadi leo ni matatu ya Malindi, na tulishuka sote wawili tumelowa jasho na machozi.

Nimeulizia njia tatu: kupitia Istanbul, kupitia Addis Ababa, au niende Nairobi kwanza halafu London moja kwa moja. Bado pia sijaamua kama nimpakate au nimlipie kiti chake, maana tofauti ya pesa si ndogo. Naomba kusikia kwa aliyesafiri na mtoto wa umri huu hasa. Wa miezi 3 analala tu, huyu wangu halali.

Mkata Tiketi

Waaleikum salaam dada. Kabla ya njia, hesabu tarehe ya kurudi. Mtoto ni wa kupakatwa mpaka siku anapotimiza miaka 2. Wako ana miezi 22 na mnakaa miezi 3, kwa hiyo wakati wa kurudi atakuwa ameshapita, na hapo kiti ni lazima. Wengi hawalijui hili, wanakuja kulijua kaunta wakiwa na mizigo mkononi. Mwambie anayekukatia tiketi tarehe ya kuzaliwa mapema, ailipie safari ya kurudi kama mtoto mwenye kiti.

Kwa hiyo uamuzi ulio nao ni wa kwenda tu. Wa kupakatwa kwa kawaida hulipa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima kwenye safari za kimataifa, na kodi juu yake. Mwenye kiti hulipa nauli ya mtoto, mara nyingi kama robo tatu ya yako.

Njia zenyewe: Mombasa–Istanbul ni saa 7 hivi, kisha saa 4 hadi London. Addis ni saa 2 na kitu, kisha karibu saa 8. Nairobi ni saa 1, kisha saa 9 hivi. Ukijumlisha hewani hazipishani sana. Kinachopishana ni jinsi saa zilivyogawanyika, na unakaa uwanjani muda gani kusubiri ndege ya pili.

Baba Mapacha

Dada, mlipie kiti. Nalisema hili nikiwa nimejaribu yote mawili.

Wangu walikuwa na mwaka na nusu tulipokwenda nao Toronto, mimi na mama yao, kila mmoja kapakata wake. Tulidhani angalau tutakaa bega kwa bega. Tukaambiwa haiwezekani, kwa sababu kila safu ya viti huwa na barakoa moja tu ya ziada ya oksijeni, kwa hiyo haikai watoto wawili wa kupakatwa pamoja. Mimi nikawa upande huu wa njia, yeye ule. Mtoto wa kilo 11 mapajani si mzito saa ya kwanza. Saa ya tano mkono umekufa ganzi na huthubutu kuusogeza kwa sababu ndiyo kwanza amelala. Chakula kikaletwa, sahani mbele yangu, chai ya moto, na mtoto anayerusha mikono. Niliirudisha sahani kama ilivyokuja.

Kurudi walikuwa na viti vyao. Walilia vilevile walipochoka, nisikudanganye. Lakini kila mtoto alikuwa na mahali pake pa kuegemea, pa kuweka miguu, pa kulala ubavu kichwa kikiwa pajani kwangu, nami mikono yangu yote miwili nilikuwa nayo. Kwa mtu anayesafiri peke yake kama wewe, hiyo mikono miwili ndiyo unayoilipia.

Kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele, usikihesabu. Mashirika mengi mwisho ni kilo 10 au 11, na kila taa ya mikanda ikiwaka lazima umwinue mtoto hata kama yuko usingizini. Safu ile ya mbele ina nafasi ya miguu, kweli, lakini sehemu za kuegemeza mikono hazinyanyuki kwa sababu meza zimefichwa humo, na begi lako lote linapanda juu wakati wa kuruka na kutua. Ukilihitaji, hulifikii.

Mama wa Mtwapa

Mimi nilikwenda kwa treni. Madaraka Express kutoka Miritini, saa 5 na nusu hivi, mtoto akatembea behewa zima akisalimia watu, akala, akalala Voi tukiipita. Kituo cha Syokimau hakiko mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta. Tukalala kwa mamangu mdogo usiku mmoja, kesho yake ndege moja tu mpaka London.

Ni ndefu, nakubali. Lakini hakuna kukimbizana na geti la pili huku umembeba mtoto mgongoni. Kama una mtu wako Nairobi, ifikirie.

Muuguzi wa Tudor

Niongeze jambo la masikio, maana linaingia pia kwenye uchaguzi wa njia. Kila kutua ni safari moja ya masikio. Kupitia Istanbul au Addis ni kutua mara mbili, na kwa ndege kupitia Nairobi pia ni mbili. Treni ya Mama wa Mtwapa inabakisha moja. Kijia kinachounganisha koo na sikio kwa mtoto ni chembamba na kimelala zaidi kuliko chetu, hewa haipiti upesi, ndipo anapolia. Kupaa si kubaya sana, kushuka ndiko kunakouma. Ndege ikianza kuteremka, kama nusu saa kabla ya kutua, mwamshe hata kama moyo unakuuma. Aliyelala hamezi mate mara nyingi. Mpe kikombe chenye mrija, au titi kama bado ananyonya. Kama ana mafua mazito au sikio linatoa usaha wiki ya safari, mpeleke kwa daktari kabla, usingoje siku ya kuondoka.

Pili, ukavu. Mtoto wa pwani amezoea hewa nzito yenye unyevu. Ndani ya ndege unyevu huwa chini ya asilimia 20, na hewa ni nyepesi kama ya mahali palipoinuka zaidi ya Nairobi. Midomo inapasuka, pua inakauka, anakuwa na hasira na hujui kwa nini. Mpe maji kidogo kidogo, mpake mafuta ya nazi midomoni. Maziwa na uji wake unaruhusiwa kupita ukaguzi hata ukizidi mililita 100, ila waambie wakaguzi mapema kwamba ni chakula cha mtoto.

La tatu nalisema kwa uchungu kwa sababu naulizwa kila wiki. Usimpe Piriton wala dawa yoyote ya mafua ili alale. Prometazini, dawa nyingine ya mzio inayosinzisha, haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka 2. Na hata hizo nyingine, kuna watoto ambao badala ya kusinzia huchachamaa, na uko juu mawinguni huna pa kumpeleka.

Mama wa Bamburi

Dada muuguzi, shukran. Jirani yangu alishaniletea chupa, nitamrudishia. Nimempima leo, ni kilo 12 na nusu, kwa hiyo kitanda cha ukutani kimeshatoka. Sasa nieleweshwe kuhusu simu. Nyumbani simruhusu katuni kabisa. Kwenye ndege nifanyeje?

Baba Mapacha

Mpe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri wa umri wa mwaka mmoja wasikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Nakubaliana nao kwa maisha ya kila siku. Siku ya safari ni siku moja. Pakua nyumbani vipindi vinne au vitano anavyoweza kurudia, usitegemee intaneti ya ndege. Hedifoni iwe ya watoto, yenye kikomo cha sauti cha desibeli 85, na mzoeshe kuivaa wiki mbili kabla, la sivyo ataivua kila sekunde. Betri ya ziada ibebe mkononi, haikubaliki kwenye mzigo unaoingia chini.

Mama wa Mtwapa

Hapa natofautiana nawe, Baba Mapacha. Mtoto asiyejua katuni ana uwezo mkubwa wa kucheza na kitu kidogo, na uwezo huo ni mali. Ukimwonyesha saa ya kwanza, hivyo vingine vyote vimekufa. Wangu nilimfichia simu mpaka saa ya mwisho kabla ya kutua, na hata hapo alitazama kidogo tu.

Vilivyofanya kazi: vikombe vya plastiki vinavyoingiana, stika za kubandika dirishani na kubandua, pochi kuukuu yenye zipu tatu, vibanio vya nguo na kopo la kuvitia. Vyote nilivificha kabati wiki mbili, nikavifunga kimoja kimoja kwenye karatasi. Kufungua peke yake kulimaliza dakika kumi. Kimoja kwa saa, na kikichosha kinarudi begini, hakilali kitini.

Nyanya wa Kibokoni

Mwanangu, nimewasikiliza wote na wamesema vyema. Mimi nimepanda ndege na wajukuu watatu kwa nyakati tofauti, na kitu nilichokitumia kuliko vyote ni leso.

Usinunue mpya. Mpya ina wanga na inakwaruza. Chukua ile doti unayojifunga kila siku, iliyofuliwa mpaka ikalainika, yenye harufu yako. Moja itakuwa mbeleko yako uwanjani, maana kigari cha mtoto mara nyingi unakiacha mlangoni pa ndege na huko unakobadilisha huenda kisikufikie upesi. Mtoto mgongoni, mikono yako mitupu, paspoti unazitoa kwa raha. Ya pili ni ya ndani. Tunatoka huku tunavuja jasho, na ndani ya ndege kuna baridi. Utamfunika nayo, utaitandika chini ya shavu, utaining'iniza mbele yake pawe na kiza alale. Akiwa macho, jifunike uso, jifunue, jifunike tena. Mfungie fundo alifungue. Mwonyeshe maua ya pindo moja moja, msomee jina la leso polepole kwa kidole.

Chakula msimwachie wa ndege, kina chumvi na kinakuja wakati wao si wake. Mchukulie mahamri madogo, ndizi, viazi vya kuchemsha. Kachiri wacha, inachoma koo na kumtia kiu. Tende toa kokwa na uipasue. Njugu, korosho na mabuyu usimpe, kokwa ya mabuyu imemkaba mtoto mbele ya macho yangu hapa hapa barazani.

Muuguzi wa Tudor

Nyanya asante kwa hilo la mabuyu na njugu. Hata zabibu zikatwe kwa urefu.

Mkata Tiketi

Na barua ya ridhaa ya baba, dada. Unasafiri peke yako na mtoto, unaweza kuulizwa. Aiandike, aisaini, na nakala ya paspoti yake iambatane.

Mama wa Bamburi

Nimekata leo. Kiti chake kwenda na kurudi, kupitia Istanbul. Treni ilinivuta, lakini sina wa kulala kwake Nairobi, na niliona saa 7 kisha mahali pa kumkimbiza kisha saa 4 zinamfaa huyu wangu kuliko saa 9 mfululizo. Nimechagua ya usiku ili zile 7 zianze akiwa ameshachoka. Simu nitaifuata njia ya Mama wa Mtwapa, ila Baba Mapacha, vipindi nimepakua.

Jioni hii nimemfunga mkanda wa gauni langu kwenye kiti cha kulia tukacheza ndege. Mara ya kwanza alikaa dakika mbili. Mara ya nne alikaa mpaka akamaliza hamri.

Nyanya wa Kibokoni

Endelea hivyo kila siku mpaka muondoke. Na ile leso ya ndani usiifue wiki ya safari, lala nayo wewe.