Ushauri: Nataka kubadilisha hadi diski (hard disk) ya DVR ya dukani, rekodi za zamani zitapona?

MuuzaNondo_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Nkuhungu, Dodoma. Kamera zipo nane, DVR, ile mashine inayorekodi, ni ya chaneli nane, na ndani kuna hadi diski ya TB 1 aliyoiweka fundi siku anafunga mfumo. Tatizo rekodi hazikai. Ukirudi nyuma zaidi ya siku tano hivi hukuti kitu, mashine imeshaandika juu yake.

Jana tumehesabu stoo, mifuko ya saruji haiendani na daftari, na rola mbili za waya zimeota miguu. Alhamisi jioni mzigo ulikuwa kamili, kwa hiyo ninachotafuta kipo kati ya hapo na jana Jumatatu.

Nataka kuweka TB 4. Je, DVR itaikubali? Rekodi za zamani zinahamishika kwenda diski mpya? Halafu nina diski ya TB 2 ya kompyuta ya mezani imekaa tu nyumbani, siwezi kuitumia hiyo nikaokoa hela? Fundi wangu yupo Singida kikazi, simu inaita tu.

kijana_wa_Kisasa

Badilisha mtunza stoo kwanza, diski itafuata 😀

FundiWaya

Mkuu, weka maswali yako pembeni kidogo. Leo Jumanne, mashine yako inahifadhi siku tano, maana yake Alhamisi inafutwa sasa hivi wakati wewe unasoma hapa. Nenda kazime DVR, kwenye menyu, usichomoe waya. Kabla ya kuzima, piga picha kwa simu ile saa inayoonekana kwenye skrini ya DVR, na saa ya simu yako ionekane kwenye picha hiyo hiyo. DVR nyingi saa zake zimepishana na saa halisi kwa dakika kadhaa, na siku ukipeleka ushahidi mahali hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Ukishazima rudi hapa tuongee.

MuuzaNondo_Nkuhungu

Nimezima mkuu. Saa ya DVR ipo mbele dakika kumi na moja, sikuwa na habari.

Mzee wa Ipagala

Mimi nyumbani nimeweka diski ya kawaida ya kompyuta, kamera nne, mwaka wa tatu huu haijasumbua. Hayo mambo ya diski maalumu za kamera, zile za stika ya zambarau, ni biashara ya wauzaji tu. Weka hiyo ya TB 2 maisha yaendelee.

FundiWaya

Mzee wangu, shikamoo. Yako imedumu kwa sababu una kamera nne, tena za nyumbani. Tupige hesabu.

Kamera moja ikirekodi muda wote kwa megabiti 2 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida, inakula kama GB 21.6 kwa siku. Mara nane unapata GB 173 hivi. Ndiyo maana TB 1 ya mwenye uzi haivuki siku ya sita. TB 2 itampa siku kumi na moja, TB 4 itampa kama ishirini na tatu. Kwa duka linalohesabu stoo mwisho wa mwezi, hata hizo TB 4 zinakaribia tu.

Sasa tazama kwa mwaka. Kamera nane zinaandika kama TB 63. Seagate wenyewe kwenye karatasi za BarraCuda, ambayo ni diski ya kompyuta ya mezani, wanaipimia kazi ya TB 55 kwa mwaka na saa 2,400 za kuwaka. Mwaka mzima una saa 8,760, na DVR hailali. SkyHawk na WD Purple, ambazo zimetengenezwa kwa kamera, zinapimiwa TB 180 kwa mwaka na kuwaka usiku na mchana. Kamera nne za Mzee zinaandika kama TB 31, kwa hiyo upande wa uandishi yupo salama, upande wa saa ndio anaibia. Duka la kamera nane limevuka kote kuwili.

Kuhusu kukubali TB 4: geuza DVR, soma namba ya modeli kwenye stika, kisha tafuta mwongozo wake uone kikomo cha diski. Kuna za zamani zinaishia TB 2, na kuna zinazopokea 6 au zaidi. Usinunue kabla ya kuona hiyo namba.

Na rekodi za zamani: kuhamisha diski kwa diski sahau. DVR ina mpangilio wake wa mafaili. Ukiichomeka hiyo diski kwenye kompyuta ya Windows itakuambia haijafomatiwa, inaomba ifomati, yaani ifute na kuipanga upya. Ukikubali umemaliza kesi yako kwa mkono wako. Njia ni kutoa vipande unavyohitaji kwa flashi ukitumia DVR yenyewe.

MuuzaNondo_Nkuhungu

Sasa nikiiwasha nitoe vipande si itaendelea kuandika juu ya Alhamisi?

FundiWaya

Umeuliza swali zuri. Kabla ya kuwasha, chomoa waya zote nane za kamera nyuma ya DVR. Bandika vipande vya selotepu vyenye namba ili usije kuzichanganya kuzirudisha. DVR ikiwaka bila picha yoyote inayoingia haina cha kurekodi, na ya zamani inabaki ilivyo. Ikikuuliza kufomati, kataa.

Chomeka flashi, ingia sehemu ya kuchukua nakala, chagua kamera ya stoo na ya lango tu, weka tarehe na saa. Saa moja ya kamera moja ni kama MB 900, kwa hiyo usibebe siku nzima bila sababu. Flashi ya GB 64 iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 inatosha. Kama faili linatoka kwa mfumo wa DVR yenyewe, chukua na programu yake ya kuchezea, nyingi zinakupa chaguo hilo palepale. Fungua faili kwenye kompyuta uhakikishe linacheza kabla hujagusa bisibisi.

Binti Mrangi

Naongezea kidogo kuhusu kununua, maana nauza vifaa hivi. Kuna diski zilizochakaa zinasafishwa na kubandikwa stika mpya ya zambarau. Kwa macho huwezi kuijua. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta mbele yako, afungue programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure, uangalie saa ilizowahi kuwaka. Mpya inasoma sifuri au karibu na hapo. Ukiona elfu kumi na kitu, hiyo imeshastaafu kazi kwingine. Wapo wanaojua kuifuta hata hiyo namba, kwa hiyo udai risiti na waranti iliyoandikwa namba ya diski.

Na usikimbilie Kariakoo kwa sababu tu treni ya SGR inakufikisha Dar haraka. Diski ikileta shida wiki ya pili, nauli ya kuirudisha inameza kile ulichookoa. Ulizia kwanza hapa mjini.

Mzee wa Ipagala

Marahaba Fundi, hesabu nimeielewa. Ila ya kwangu siitoi 😀

Tall_Chamwino

Mkuu jambo la adapta. Diski inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikishatulia. Kama adapta yako ni ya volti 12 ampea 1.5 na imechoka, utaona DVR inawaka, inazima, inawaka tena. Watu wanalaumu diski, wanairudisha dukani, kumbe adapta. Tafuta ya ampea zilizoandikwa kwenye DVR au zaidi, volti zibaki 12.

Pia ukifungua hilo boksi pulizia vumbi kwanza. Vumbi la Dodoma unalijua, upepo wa Julai na Agosti linaingia hadi kwenye friji. Feni ikijaa, diski inachemka. Na UPS ndogo, ile betri ya akiba ya umeme, ni muhimu, umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika diski ndiyo inaumia.

Wakili Mdogo

Jambo moja la kisheria, halafu naondoka. Diski ya zamani usiiuze wala kumpa mtu ikiwa na sura za wateja wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha za watu ni taarifa zao. Ukiwa bado na kesi, ifungie kabatini. Bango la kwamba kuna kamera unalo?

MuuzaNondo_Nkuhungu

Bango lipo mlangoni wakili.

MuuzaNondo_Nkuhungu

MREJESHO. Nakala nimetoa kama alivyoelekeza FundiWaya, zinacheza vizuri. Yaliyomo siwezi kuyaweka hapa, mhusika ni mtu wa nyumbani, kikao cha ukoo kinakaa Jumapili.

Diski nimepata hapa hapa mjini, ya kamera, TB 4, saa za kuwaka sifuri, mwongozo unasema DVR yangu inapokea hadi 6. Kufunga ni kazi ndogo, skrubu nne chini na nyaya mbili, ya data na ya umeme. Ilipowaka ilipiga kelele pii pii hadi nilipofomati, ikanyamaza. Ila skrini inaandika GB 3726. Zile zingine zimekwenda wapi? Nimeibiwa tena?

FundiWaya

Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, DVR inahesabu kwa 1024. Ile ya zamani ilikuwa ikikuandikia 931, hukuitazama tu.

Sasa rekebisha saa, kisha izime kabisa usiku mmoja uchomoe na waya. Asubuhi ikiwaka na saa imerudi mwaka wa nyuma, betri ya saa kwenye bodi imekufa, ile ndogo ya duara, badilisha. Hakikisha pia pale pa kuandika juu ya rekodi za zamani pamewashwa, la sivyo diski ikijaa inaacha kurekodi na hutajua. Na kama menyu yako ina H.265, njia ya kubana video iwe ndogo zaidi, iweke badala ya H.264, siku zako ishirini na tatu zitasogea mbele sana bila kununua kitu.

MuuzaNondo_Nkuhungu

H.265 ipo. Naiweka kamera zote au za stoo tu?

FundiWaya

Zote. Ila ya kaunta usiipunguzie ubora, unataka kuziona noti.