Gereji ya Mbeya imenifungia difu la nyuma lisiloendana na la mbele, nusura mpwa wangu afie Kona 57

Wakuu, nimekaa na jambo hili wiki tatu nikitaka tulimalize kimya kimya na wahusika. Nimepigwa danadana za kutosha. Leo namwaga yote hapa, na kila ninachoandika nina kipande cha chuma cha kukithibitisha.

Gari ni Hilux ya zamani, kabini moja, injini ya 3L, ile yenye ekseli nzima mbele. Ndiyo inayonilisha. Napandisha mbolea Matamba, nashusha viazi hadi Uyole. Anayeijua ile barabara kutoka Chimala anajua hiyo si kazi ya gari legelege, kona 57 zimejikunja ukutani mwa mlima, na masika ikishika kuna sehemu unapanda kwa Mungu tu.

Kwa ajili ya matope nilitoa matairi ya inchi 29 nikaweka ya inchi 33. Gari ikainuka vizuri ila ikawa nzito, gia ya pili haivuti kabisa mlimani. Sababu yake inajulikana. Difu, yaani yale meno ya katikati ya ekseli yanayopeleka nguvu kwenye matairi, langu lilikuwa na rashio ya 4.556 (propela inazunguka mara 4.556 tairi likizunguka mara moja), na tairi likishakuwa kubwa kiasi hicho, kwa injini ni kama umefunga difu la 4.0. Dawa yake ni kuweka difu lenye rashio fupi zaidi, yaani yenye namba kubwa zaidi, na ukiweka unabadilisha mbele na nyuma kwa pamoja, maana ukiingiza fowili (matairi yote manne yavute) propela zote mbili, yale mabomba marefu yanayotoka kwenye gia kwenda difu la mbele na la nyuma, zinazunguka kwa mwendo mmoja. Hili nilikuwa nalijua kabla sijakanyaga gereji kwao. Naomba mlikumbuke.

Nikaenda gereji moja hapa mjini, ya watu wanaojitangaza kwamba wao ni wataalamu wa gari za porini. Tukakubaliana difu mbili za 4.875, na hafu shafti (vyuma vinavyotoka difu kwenda kwenye tairi) mbili mpya za nyuma "za kromoli", chuma kigumu zaidi, kwa sababu za zamani zilishachoka. Jumla na ufundi shilingi 3,650,000. Nililipa milioni mbili na nusu mkononi, iliyobaki siku ya kuchukua gari.

Siku ya kuchukua gari nikamuuliza msimamizi kwa kinywa changu: "Kaka, na la mbele mmebadilisha?" Akanijibu: "Bosi, toa wasiwasi, mbele na nyuma zinaendana, tumeshacheki." Nikaomba risiti ya mashine. Mashine mbovu, njoo kesho. Nikaandikiwa kikaratasi cha mkono "kazi ya difu na shafti", basi. Hicho kikaratasi ninacho.

Wiki ya kwanza nilikuwa natembea lami tu na mzigo mdogo, fowili haijaguswa. Gari tamu, inavuta. Nikawasifia mpaka kwa watu.

Safari ya Matamba nikapakia mifuko 15 ya mbolea, kilo 750. Mvua zilikuwa bado, barabara kavu, changarawe. Pale chini Chimala nikafunga haabu za mbele (vile vifungio vya katikati ya tairi vinavyoliunganisha na shafti yake) nikaingiza fowili kama ninavyofanya siku zote. Kona ya tano au ya sita usukani ukaanza kuwa mgumu. Nikasikia gari inajivuta, kama mtu amekanyaga breki kidogo kidogo. Nikajaribu kutoa fowili, mkono wa gia umeganda, hautoki. Nikarudi nyuma hatua mbili ili ujiachie, ukakataa. Nikasema nifike sehemu tambarare nisimame.

Sikufika. Kwenye kona kali kukalia mlio kama bunduki chini ya miguu yangu: krosi (kiungo) ya propela ya mbele imekatika, propela inapigapiga chesisi. Gari ikabaki inavuta kwa nyuma peke yake na mzigo wote, na kabla sijapata hata mita kumi, mlio wa pili. Hafu shafti ya kulia. Injini inanguruma, tairi hazizunguki, na gari yenye kilo 750 nyuma inaanza kurudi.

Mwee! Ukishakatika mbele na nyuma namna hiyo, gia haikushikilii tena. Hata uweke namba moja, ni kama uko huru. Umebaki na breki ya mguu na hendibreki basi. Mpwa wangu wa miaka 19 alikuwa juu ya mzigo. Akaruka, akakimbilia nyuma ya gari na jiwe mikononi, gari bado inateleza kumfuata yeye. Alilisukuma lile jiwe chini ya tairi kwa mguu. Nyuma yake pale kulikuwa na kama hatua nne, halafu korongo. Mimi mpaka leo nikifumba macho namwona yule kijana kwenye kioo cha pembeni.

Tukalala pale pale na baridi yake. Asubuhi Fuso iliyokuwa inapanda ikatuchukulia mbolea kwa kulipia, gari ikavutwa hadi Chimala na baadaye Mbeya. Sitaki hata kuanza kuhesabu hiyo gharama.

Sasa njooni kwenye sehemu inayoniuma.

Nilivyowapigia simu, neno la kwanza: "Umezidisha mzigo." Mifuko 15! Gari hiyo imebeba hivyo miaka yote kwa shafti za kiwandani. Neno la pili: "Spea ikishafungwa hairudi." Nikaona hawa sibishani nao kwa mdomo. Nikamwita fundi mzee wa mtaani kwetu, tukatoa difu zote mbili nje ya hausingi, nikachukua chaki nikahesabu meno mwenyewe, nikapiga alama jino la kwanza nisije nikarudia. Nyuma: krauni, lile gurudumu kubwa la meno, meno 39, pinioni, lile dogo linaloizungusha, 8. Gawanya, ni 4.875. Mbele: krauni 41, pinioni 9. Ni 4.556. La mbele ni lile lile langu la zamani, tope kavu la Matamba bado limeganda kwenye nati zake! Hawakuligusa. Walinilipisha difu mbili wakafunga moja.

Mjue hiyo tofauti maana yake nini. Ni asilimia 7. Kila gari ikienda mita 100, matairi ya mbele yanataka kwenda 107. Kwenye tope tairi linateleza, unasalimika. Kwenye changarawe kavu, na tairi mpya zenye meno, hakuna pa kuteleza, kwa hiyo chuma kinajikamua chenyewe mpaka kinachochoka kwanza kikatike. Ndiyo ule usukani mgumu. Ndiyo ule mkono wa fowili kuganda.

Na shafti ndiyo kituko kingine. Ninacho hapa mezani kipande kilichokatika. Sura ya mkato ina rangi mbili. Upande mmoja, karibu theluthi, ni weusi wa kutu na mistari myembamba kama maganda ya kitunguu. Upande wa pili ni mweupe unang'aa kama sukari. Ule mweusi ni ufa wa zamani, ulishaanza kutambaa humo muda mrefu kabla shafti haijaja kwangu. Ule unaong'aa ndio uliokatika siku ile. Yaani hiyo "mpya ya kromoli" ilikuwa shafti ya mtumba iliyotolewa kwenye gari nyingine ikapakwa rangi nyeusi. Nimekwangua rangi kwa kisu, chini yake kuna kutu yenye vishimo. Nyingine ambayo haijakatika nayo ni vile vile.

Mtumba wenyewe si kosa, nusu ya magari ya Nyanda za Juu yanaishi kwa spea za mtumba na tunajua. Niambie ni mtumba, nilipe bei ya mtumba, nikague mwenyewe. Kunipaka rangi na kuniuzia kama mpya, kwa gari inayopanda Kona 57, hiyo ni kunichimbia kaburi kwa pesa yangu.

Kwa mwenye Hilux au Cruiser iliyoguswa difu karibuni, usisubiri kufungua chochote. Kwanza weka kabari au mawe kwenye matairi yatakayobaki chini. Inua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini, gia iwe huru. Piga alama ya chaki kwenye propela, zungusha lile tairi lililoinuliwa mizunguko 20 kamili huku mwenzako anahesabu propela. Nenda mbele fanya hivyo hivyo, haabu zikiwa zimefungwa. Kwa kuwa tairi la pili limeshikwa chini, mizunguko 20 ya tairi ni 10 tu ya krauni: kwangu nyuma ilitoka 48 na robo tatu, mbele 45 na nusu. Hesabu zisipolingana, usiingize fowili hata kwa dakika moja, rudi ulipotoka. Ni kazi ya nusu saa, na laiti ningeifanya pale pale gereji kwao kabla ya kutoa milioni ya mwisho.

Mimi madai yangu ni haya: warudishe pesa ya difu la mbele ambalo hawakufunga, pesa ya shafti zote mbili, krosi, na gharama ya kuvutwa. Jina la gereji silitaji hapa kwa sababu Jumatatu napeleka madai Mahakama ya Mwanzo na sitaki wapate pa kukimbilia. Ninachoomba kwenu, kama kuna mtu wa Mbeya, Makambako au Iringa aliyefungiwa difu na watu wanaompa kikaratasi cha mkono badala ya risiti, aje PM tulinganishe vikaratasi. Mwandiko ukifanana tutajuana.

Na kama kuna fundi humu anayefunga krauni kwa kupima bekilashi (ule uwazi mdogo kati ya meno) kwa kipimo, si kwa kutikisa kwa mkono na kusikilizia, aseme yuko wapi. Nina 41 kwa 9 mbili nzima nimezipata, nairudisha gari kwenye rashio yake na matairi madogo.

Mpwa wangu amesema hapandi tena ile gari. Sijamlazimisha. Krauni, pinioni, krosi na vipande vya shafti nimevifunga kwenye mfuko mmoja wa mbolea, viko chini ya kitanda hadi Jumatatu.