Nilimwona mwizi usiku, naitwa mahakamani

Binti wa Makorora: Shikamooni wazee. Wiki ijayo natoa ushahidi hapa Tanga. Nilimwona aliyevunja duka la jirani, saa nane usiku. Wakili wake ataniuliza nini?

Mpelelezi mstaafu: Marahaba mwanangu. Mwanga kwanza. Taa gani, ilimulika uso au mgongo? Hatua ngapi? Ulimtazama kwa muda gani, ulikuwa unamjua? Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1980 kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno. Kesi yangu moja ya Ngamiani ilianguka hivyo. Shahidi, mama mkweli kabisa, alisema “kulikuwa na taa”, basi. Kwenye maelezo yake sikuandika kama ni chemli au balbu. Mshtakiwa akaachiwa. Yule mama alivyonitazama pale nje, mpaka leo naumia.

Karani wa zamani: Ulimtaja lini polisi? Kuchelewa kumtaja kunatia shaka.

Binti wa Makorora: Asubuhi ileile. Taa ya umeme ya barazani, hatua kama sita.

Mpelelezi mstaafu: Sema hivyohivyo, usiongeze. Ukiulizwa rangi ya shati na hukuiona, jibu hukuiona.