Mrejesho: Uzamili wa uhusiano wa kimataifa, London au Geneva?

Wadau, mwezi uliopita niliomba ushauri: nimepata nafasi mbili za uzamili, mwaka mmoja London, miaka miwili Geneva, na kichwa kinauma. Shikamooni wakubwa mlionijibu, ahsanteni sana.

Nimechagua Geneva.

Kilichonifungua macho ni ushauri wa dada mmoja aliyesema niache kuangalia majina ya vyuo, nisome orodha ya masomo. Nikakaa mgahawani karibu na Mnara wa Saa, chai ikapoa, nikawa natia alama kila somo ninaloweza kulitumia hapa hapa Arusha, penye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Karatasi ya Geneva ilijaa alama.

Halafu Kifaransa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeingia kwenye Jumuiya 2022, Burundi ilikuwamo tangu 2007, zote zinatumia Kifaransa, na mimi sijui hata kusalimia vizuri! Geneva nitakiishi kila siku, dukani na kwenye basi. Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani wako mji huohuo.

Gharama ndiyo iliyonitesa, Uswisi ni ghali mno. Nisingepata ufadhili wa ada nisingethubutu. Baba alisoma barua ya ufadhili mara mbili, akavua miwani, akasema, "Nenda mwanangu, ila urudi."

Naanza masomo ya Kifaransa Jumatatu.