Kawasha mashine mwenzake kaifungua: nimwandikie barua ya onyo?

Msimamizi_Zamu
Wakuu, salama? Niko kiwanda cha unga, Dar. Jumanne usiku mashine namba 2 iliziba. Fundi akaizima, akafungua kifuniko, akaanza kukwangua unga ulioganda. Kijana wangu alikuwa anataka kuwasha namba 3, akabonyeza ya 2. Mungu mkubwa, fundi alikuwa katoa mkono, kaacha bisibisi tu mle ndani. Imepinda kama ndoano. Bosi anataka barua ya onyo, leo leo. Kijana ana miaka minne hapa, hata kuchelewa hajui.

Kipanga
Andika tu mkuu. Mkono ungekatika ungekuja kutuuliza?

FundiUmeme
Kabla ya kuandika, nenda kasimame mbele ya paneli usiku, taa zikiwa zile zile. Utuambie umeona nini.

Msimamizi_Zamu
Nimetoka huko. Swichi tano, zote kijani, zimebanana. Namba ziliandikwa kwa maka peni, unga umeshazifuta. Mimi naijua ya 2 kwa mazoea tu. Na niseme ukweli: mwaka jana hata mimi niliwasha isiyo yangu, nikazima fasta, nikanyamaza.

FundiUmeme
Ndiyo hapo sasa. Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa B-17, ndege za mabomu za Marekani, walikuwa wanatua vizuri kabisa, halafu wanakunja magurudumu badala ya flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa. Ndege inalala tumbo. Wakaambiwa ni makosa ya rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akakuta swichi mbili zinafanana, zimekaa jirani. Dawa yake ilikuwa kupachika kigurudumu kidogo kwenye ile ya magurudumu, mkono utambue bila macho. Kwako wewe, kila fundi awe na kufuli lake. Anafunga swichi kuu, ufunguo mfukoni mwake, siyo ofisini kwako.

Dada_Stoo
Makufuli kwetu yaliombwa, yakaambiwa yasubiri bajeti 😅 Peleka ombi pamoja na hiyo bisibisi. Halafu ukimpa huyo barua, wa kesho akikosea kidogo atakuja kukwambia? Si atanyamaza kama wewe.

Msimamizi_Zamu
Dada umenipata. Bisibisi nimeiweka mezani kwa bosi, kaigeuzageuza weee, kisha kauliza kufuli moja shilingi ngapi. Barua haijaandikwa. Ya kwangu ya mwaka jana bado sijamwambia.